Safari hii shuka Tanga

Chumbageni, Tanga
Jumapili asubuhi

Shoga yangu Mwajuma,

Salamu nyingi. Mimi mzima, hofu ni kwako wewe uliyeniachia kiporo cha barua tangu mfungo.

Jana semina ilitupa siku nzima ya mapumziko. Wenzangu wakalala, mimi nikatoka. Wewe kila ukienda kwa dada yako Mombasa unaipita Tanga umesinzia dirishani, halafu unaniambia mji ulishakufa na mkonge wake. Haya, nisikilize.

Nilianzia Ngamiani. Barabara zake zina namba tu, ya Kwanza, ya Pili, zinaendelea hadi kupita ishirini, kwa hiyo hata mgeni wa Morogoro hapotei. Na baiskeli! Akina mama wa makamo wanapita wameketi wima, buibui limekunjwa vizuri, hawana haraka na mtu.

Kwenye boma la zamani la Mjerumani siku hizi kuna makumbusho. Nilikaa sana kwenye habari za mapigano ya hapa Tanga, Novemba 1914, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwingereza alishusha askari kama 8,000, wengi wao kutoka India. Mjerumani alikuwa na kama 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika. Wale wengi ndio waliopigwa wakarudi melini! Tena risasi zilichokoza mizinga ya nyuki, nyuki wakatoka wakauma bila kuuliza nani wa upande gani.

Sasa bahari. Usitegemee mchanga mweupe wa Nungwi, utagombana na mimi bure. Raskazone maji yakipwa ni tope na mikoko. Lakini yakijaa, ngazi zinaishia majini kabisa, watoto wanajirusha, na mbele yako kimekaa kisiwa cha Toten na magofu yake. Niliogelea mpaka vidole vikakunjamana, nikatoka nikala mihogo ya kukaanga na pweza. Mchanga mrefu uko Ushongo, ng'ambo ya mto Pangani, ila huko siku moja haitoshi.

Desemba ukienda Mombasa, kata tiketi ya kuishia hapa, ulale, uendelee kesho yake kwa mpaka wa Horohoro. Uliza kwanza maji yanajaa saa ngapi, ndipo uende Raskazone. Nguo ya kuogea usisahau, na dada yako mwambie utachelewa.

Nijibu kwa barua, siyo kwa vikatuni vya simu.

Wako,
Saumu