Msitubebeshe uzito tusioupima

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nimjibu msomaji aliyeandika kwamba malori yanazidisha uzito kwa sababu ya tamaa ya madereva. Mimi ni dereva. Nina miezi saba tangu nikabidhiwe lori la tela, na katika miezi hiyo nimekamatwa na uzito uliozidi mara moja. Sikuongezewa hata senti moja kwa mzigo ule. Nitaeleza ilivyokuwa, msomaji huyo apime mwenyewe.

Ilikuwa safari yangu ya tatu bila mwalimu pembeni. Nilifika ghalani alfajiri, nikarudisha tela nyuma hadi mlangoni, nikaambiwa nikae kwenye kabini kwa sababu madereva hawaruhusiwi kusogea panapopakiwa. Kwa hiyo mzigo wangu niliusikia tu, sikuuona. Kila foklifti ilipoingia gari lililala kidogo, ilipotoka likainuka. Baada ya saa mbili mlango ukafungwa, ukatiwa lakiri, nikakabidhiwa karatasi: paleti 22, tani 26.4. Gari langu tupu ni tani 15. Nikajumlisha, nikapata tani 41.4, na gari limeandikishwa kwa tani 44. Nikaondoka moyo umetulia. Njiani nikajaza mafuta lita 500.

Mizani ikasoma tani 41.8. Hapo nilijifunza jambo la kwanza, kwamba lita 500 za dizeli ni zaidi ya kilo 400 na hakuna aliyewahi kunitajia kuzihesabu. Lakini shida haikuwa jumla. Ofisa alinionyesha kioo cha mashine: ekseli mbili (mihimili inayobeba magurudumu) za nyuma za kichwa, yaani sehemu ya mbele yenye injini inayovuta tela, ambazo kikomo chake ni tani 18 kwa pamoja, zilikuwa zimebeba tani 19.2. Kilo 1,200 zimezidi, kwenye gari ambalo kwa jumla lilikuwa na nafasi ya tani mbili na ushei.

Nilimwambia ofisa mashine yake imekosea. Nilisema hivyo kwa dhati, kwa kuwa chuoni nilifundishwa jumla tu. Lakiri ilipokatwa mbele yake ndipo nikauona mzigo kwa mara ya kwanza. Paleti zote zilikuwa zimesukumwa hadi ukuta wa mbele, mbili mbili, na nyuma kumebaki uwazi wa zaidi ya mita mbili na nusu. Aliyepakia alijaza kuanzia mbele mpaka mzigo ukaisha, akafunga mlango.

Dereva mmoja mtu mzima aliyekuwa kwenye foleni ndiye aliyeshuka akanieleza. Alichukua ubao, akaulaza juu ya mawe mawili, akasema jiwe la mbele ni pale kichwa kinapobeba tela, la nyuma ni ekseli za tela. Kitu ukikiweka karibu na jiwe la mbele, jiwe hilo ndilo linaloumia. Kwenye tela langu kati ya "mawe" hayo ni mita 8. Tukapiga hesabu kwenye mgongo wa karatasi ya mzigo: paleti nne za mwisho ni tani 4.8, tukizirudisha nyuma mita 2.5, tunazidisha, tunagawa kwa 8, tunapata tani 1.5. Uzito huo unatoka kwenye kichwa na kuhamia ekseli za tela, ambazo zilikuwa bado na nafasi kubwa. Watu wanne na toroli la mkono walizisogeza. Kazi ilituchukua karibu saa nzima, nyingi ikiwa ya kufunga mikanda, maana sasa kulikuwa na pengo katikati, na paleti ya tani 1.2 ikiteleza kwenye pengo siku unayokanyaga breki kwa ghafla haizuiliki. Tulipopima tena, ekseli zile zilisoma tani 17.7.

Katikati ya hayo yote nilimpigia simu aliyenituma. Aliniambia hivi: "Kijana, toka hapo, kuna njia ya kuzunguka. Ukichelewa tutakosa zamu ya kushusha." Alinitaka nizunguke nikiwa na uzito uleule. Nilipomrudishia yule mzee maneno haya alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mdogo wangu, gari likivuta vizuri kwenye tambarare usidhani limekubali mzigo. Mteremko ndio utakaokujibu."

Tangu siku ile nimejitahidi kulielewa neno hilo. Chukua lori la tani 40 linaloshuka mteremko wa asilimia 5 kwa kilomita 5. Limeteremka mita 250, na nguvu yote ya tani 40 zilizoshuka urefu huo lazima iishie mahali: kwenye upinzani wa upepo na matairi, kwenye injini ikiwa uko gia ya chini, na kinachobaki kwenye breki, kikigeuka joto. Dramu ya breki ikipata moto hutanuka, ikajitenga na viatu vyake, vile vipande vinavyoisugua ili gari lipunguze mwendo, na ukikanyaga breki hazishiki tena kama mwanzo. Tani nne zaidi ni asilimia kumi ya nguvu hiyo. Dereva mwenye miaka ishirini kazini huenda akalisikia gari linabadilika mapema akashusha gia kabla ya kuanza kuteremka. Mgeni kama mimi angelisikia akiwa tayari katikati ya mteremko, na pale gia haishuki tena. Kumwambia mtu wa safari ya tatu azunguke mizani ni kumtuma kwenye jambo hilo bila kumwambia.

Na barabara yenyewe je? Kati ya 1958 na 1960, karibu na Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani, malori yaliyoendeshwa na wanajeshi yalizungushwa kwenye vipande vya barabara vilivyojengwa kwa majaribio. Matokeo yake ndiyo yaliyowapa wahandisi kanuni wanayoitumia mpaka leo, kwamba madhara kwa barabara yanapanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ikibeba mara mbili, madhara ni mara kumi na sita. Kilo zangu 1,200 juu ya tani 18 ni kama asilimia 7 tu, lakini kwa kanuni hiyo lami ilikuwa inaumia karibu asilimia 30 zaidi. Ndiyo maana mizani haikujali kwamba jumla yangu ilikuwa sawa, na sasa naona ilikuwa na haki.

Faini iliandikwa kwa jina langu na kukatwa kwenye mshahara wangu. Aliyepakia hakuulizwa. Aliyesema nizunguke hakuulizwa. Hili ndilo linaloniuma, Mhariri, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kwa wenzangu wageni nina machache. Kama lori lako lina springi za upepo na geji yake, andika inasoma ngapi siku uliyopimwa ukawa sawa. Siku nyingine geji hiyo itakuonya hapohapo ghalani. Omba kuona mzigo kabla lakiri haijapigwa, hata kama utaambiwa unasumbua. Jaza mafuta kabla ya kupima, si baada. Na ukiambiwa uzunguke, omba maneno hayo kwa maandishi. Mimi niliomba. Hayakuja, na sikuzunguka.

Lakini mgeni hawezi kulibeba hili peke yake. Wenye maghala nawaomba vitu viwili: dereva aruhusiwe kusimama mlangoni aone paleti zinakaa wapi, na gari lipimwe ekseli kwa ekseli kabla halijatoka getini, pale ambapo foklifti bado ipo na kosa linarekebishwa kwa dakika kumi. Waajiri nawaomba waweke kwenye mkataba kwamba dereva anayekataa uzito uliozidi hapotezi safari wala siku yake ya kazi, na kwamba faini ya mzigo uliotiwa lakiri bila yeye kuuona hailipwi na yeye. Vyuo navyo vifundishe hesabu ile ya ubao na mawe mawili. Inachukua nusu saa, na mimi nilifundishwa na mtu nisiyemjua kando ya barabara.

Kama yupo mwenye ghala au mwenye malori anayeona ninachoomba hakiwezekani, naomba aandike hapa aeleze ni kwa nini. Nitamsoma.

Dereva wa tela, mwezi wa saba kazini