Barua kwa Mwanangu: Zege la Otaru

Marahaba, mwanangu Rehema.

Hali yangu njema, hofu ni juu yako tu, hasa baada ya ule ujumbe wako wa sauti. Unalalamika eti mwalimu wa maabara anawasubirisha siku 28 ndipo mvunje vipande vyenu vya zege kupima nguvu yake, na unasema ni kupotezeana muda. Basi tulia nikusimulie habari za mji huu ninaokaa, maana huku kuna zege ambalo watu wamelipima kwa karibu miaka mia.

Otaru ni mji wa bandari kisiwani Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Darasa langu liko Sapporo, lakini kodi ya chumba huku ni nafuu na treni ipo. Nyuma kuna milima, mbele bahari, watu wamebanwa katikati, ndiyo maana karibu kila njia ni mpando. Ule wa kwenda chuo kikuu cha biashara wenyewe wanauita Mpando wa Jehanamu. Nimeupanda mwezi wa Januari, barafu chini inang'aa kama kioo, na jina sina la kulipinga. Upepo unatoka Siberia, unavuka Bahari ya Japani ukijibebea unyevu, ukigonga milima hii unaumwaga wote kuwa theluji. Ukijumlisha ya msimu mzima unapata kama mita tano.

Wenyeji wa asili ni Waainu. Wajapani walianza kumiminika kwa wingi baada ya serikali ya Japani ya enzi ya Meiji kukitwaa kisiwa rasmi mwaka 1869, na hapo wenyeji wakasukumwa pembeni. Waliokuja waliifuata heringi. Kila masika samaki hao walijaa ufukweni kutaga, wakavuliwa, wakachemshwa kwenye masufuria makubwa, wakakamuliwa mafuta, na makapi yake yakasafirishwa kusini kuwa mbolea ya mashamba ya pamba. Mwaka 1897 Hokkaido ilivua karibu tani milioni moja. Reli nayo ilishafika: mwaka 1880 treni ilianza kwenda Sapporo, na miaka miwili baadaye ikafika kwenye machimbo ya makaa ya mawe ya Horonai. Fedha ikaingia, mabenki yakapanga foleni. Jengo la Benki ya Japani la mwaka 1912 bado lipo, lilichorwa na Tatsuno Kingo, yule yule aliyechora stesheni ya Tokyo.

Ila bandari ilikuwa wazi kwa mawimbi. Mwaka 1897 mhandisi Hiroi Isami akaanza kujenga ukuta wa kuyazuia, urefu wake kama kilomita moja na robo. Wakati huo zege la baharini lilikuwa na sifa mbaya Japani, kwa sababu matofali makubwa ya bandari ya Yokohama yalikuwa yamepasuka. Wewe unajua sababu: saruji ikishika huacha chokaa, na maji ya chumvi huishambulia. Hiroi akachanganya saruji na jivu la volkano. Jivu lile huikamata chokaa na kuigeuza kuwa gundi zaidi, zege likazidi kubana, na gharama ya saruji ikapungua. Matofali aliyapanga yakiwa yameinama, kila safu ikiegemea iliyotangulia, mtindo uliokwisha kutumika bandari ya Colombo, kwenye Bahari ya Hindi yetu. Kazi ikaisha mwaka 1908.

Sasa sikiliza hapa. Vilitengenezwa vipande vya majaribio kama elfu 60, vidogo, vimebonyea kiunoni kama namba 8 ili vishikwe pande mbili na kuvutwa mpaka vikatike. Vingine vikalala kwenye maji ya bahari, vingine maji baridi, vingine hewani. Hiroi alifariki mwaka 1928, waliobaki wakaendelea kuvitoa na kuvivuta, kizazi baada ya kizazi. Mafundi wa kwetu wanasema zege halilali, na kumwaga kweli hakusubiri kesho. La Hiroi lilimwagwa, kisha likapewa walinzi. Ukuta wake bado unazuia mawimbi. Nimekwenda kuutazama, umekaa hapo bila mbwembwe, na watalii wote wanaupita wakikimbilia mfereji.

Mfereji wenyewe ulimalizika mwaka 1923. Haukuchimbwa: walijaza ardhi baharini mbele ya pwani wakaacha nafasi katikati, ndiyo maana umepinda. Meli zilitia nanga nje, matishari, yaani mashua bapa za mizigo, yakaleta shehena hadi mlangoni mwa maghala ya mawe, kama Tanga kabla meli hazijaanza kufunga gatini. Gati zilipojengwa, matishari yakakosa kazi, mfereji ukajaa tope na kunuka. Heringi nayo ilikuwa imekwisha katika miaka ya 1950. Halmashauri ikataka kuufukia wote ipitishe barabara. Wakazi wakagoma mwaka 1973, wakabishana zaidi ya miaka kumi, mwisho wakagawana: sehemu kubwa ikafukiwa nusu ya upana, na njia ya miguu yenye taa za gesi ikafunguliwa mwaka 1986. Mimi naona waliopigania walipoteza nusu, ila bila wao pasingebaki kitu cha kutazama.

Mji umepungua. Mwaka 1964 ulikuwa na watu laki mbili na zaidi, leo umebaki na karibu nusu yao, wengi wazee. Jirani yangu ni bibi mwenye mgongo uliopinda, na bado alfajiri ananitangulia kuzoa theluji mlangoni. Alinifundisha kutoitupa barabarani, na kufungulia mabomba ya nyumba yamwage maji yote kabla sijasafiri, yasije yakaganda na kupasuka. Tangi la mafuta ya taa liko nje ya nyumba, na bei yake ndiyo mazungumzo ya sokoni kuanzia Novemba.

Muulize mwalimu wako kama mnaweza kuloweka vipande vichache kwenye maji ya bahari ya Raskazone hapo Tanga, mvilinganishe na vya maji ya bomba. Akikubali, andika tarehe kwa rangi isiyofutika. Ada nimeituma kwa mama yako, hakikisha unapewa risiti.

Ni mimi baba yako.