Msichanje kuni boti kuukuu

Bwana Mhariri,

Hapa Mtwapa kuna boti ndogo ya injini, yenye chumba, ambayo mwenyewe alitaka kuichanja kuni. Nilimsihi asubiri. Nikakwangua rangi injini ile, tabaka kwa tabaka, hadi kibati kikasomeka: Perkins 4.108, yaani silinda 4 na inchi za ujazo 108, kazi ya Peterborough, Uingereza. Kalafati, yaani pamba ya kuziba nyufa za mbao, imeoza; ilitoka nyeusi, inanuka dizeli. Lakini mkuku, ule mti mkuu wa chini ya boti, ni mzima, kisu hakiingii! Mbao mbili za tezi, yaani nyuma ya boti, na mataruma (mbavu za boti) matatu nitabadilisha.

Wenye boti kama hizi, nawaomba, msing'oe vibati kuviuza chuma chakavu. Bila kibati, fundi atajuaje spea za kutafuta?

Fundi wa vyombo, Mtwapa