Simu yako iweke chumba kingine

Shoga yangu,

Barua yako nimeipata, na matusi yaliyomo nimeyapokea yote. Eti nimezeeka, eti siku hizi nikikaa mbele ya televisheni dakika 20 nimeshalala mdomo wazi, eti mimi si wa kuulizwa habari za filamu. Halafu ukurasa wa pili unaniuliza, "Sasa nitazame nini?" Hivi mtu humtukana mganga kisha akamwomba dawa?

Kulala nalala, silikatai hilo. Lakini nimejichunguza nikagundua kwamba silali ovyo. Kuna picha zinazonilaza na kuna picha zinazonikesha, na kipimo changu ni simu. Nikianza kutazama naiweka pajani, kioo kikiwa chini. Ikifika dakika ya kumi nikaikuta imo mkononi na wala sikumbuki niliichukua lini, najua kazi hiyo hainihitaji. Watu wake wanajieleza wenyewe. Dada anamwambia dada yake, "Unajua hatujaongea tangu mama afariki miaka mitano iliyopita." Kwani huyo dada hajui? Anaambiwa nani pale kama si mimi niliyeinamia simu? Tamthilia nyingi siku hizi zimeandikwa kwa ajili ya mtu anayekunja nguo. Nami nguo nakunja, kuna nyingine nimezimaliza msimu mzima bila kuzijua sura za watu, na hadithi nikakusimulia vizuri tu.

Sasa nikuambie iliyoninyang'anya simu. Ni Adolescence, ya Waingereza, iliyotoka Machi 2025. Vipindi vinne basi. Nilipoambiwa kwamba kila kipindi kimepigwa kwa mkupuo mmoja, yaani kamera ikiwashwa haikatwi mpaka mwisho, nikasema hizo ni mbwembwe za mafundi, zitanihusu nini mimi. Zilinihusu. Polisi wanavunja mlango alfajiri, wanapanda ngazi, wanamkuta mtoto wa miaka 13 kitandani, naye anajikojolea kwa hofu. Filamu nyingine ingekurusha hapo hapo mpaka kwenye chumba cha mahojiano. Hii hairushi. Unaingia naye kwenye gari la polisi, unakaa naye njia nzima huku analia, unafika naye kituoni, unasubiri naye wakijaza fomu. Nilikuwa nangoja wakate nipumue, hawakukata.

Lakini kipindi cha tatu ndicho nataka ukione. Chumba kimoja, meza moja, mtoto na mwanasaikolojia. Mama wa watu amemletea kikombe cha chokoleti ya moto na nusu ya sandwichi. Wanaongea. Mtoto anatania, anapiga miayo, anajifanya mkubwa, na wewe unaanza kumpenda. Kisha neno moja linamgusa pabaya, anasimama, anamfokea yule mama kwa sauti ambayo hukudhani inaweza kutoka kwenye kifua kile chembamba, na kikombe kinaruka. Dakika chache baadaye amekaa tena, mtoto tena, anataka kujua kama anapendwa. Mwishoni mama anabaki peke yake. Hakuna muziki, hakuna maelezo. Anajaribu kukusanya vitu vyake, anaunyosha mkono kwenye ile sandwichi aliyoiuma mtoto, kisha anaurudisha haraka. Basi. Ule mkono unaorudi nyuma umenikaa kichwani kuliko hotuba zote nilizosikia kwenye filamu mwaka ule.

Na huyo mtoto, Owen Cooper, hakuwa amewahi kuigiza mbele ya kamera kabla ya hapo. Kipindi hicho cha tatu ndicho walichoanza kukipiga, kwa hiyo ile ilikuwa kazi yake ya kwanza kabisa maishani. Septemba 2025 walimpa Emmy, ile tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, akiwa na miaka 15. Mimi nina wangu wa miaka 12, unamjua maneno yake. Usiku ule nilikwenda nikasimama mlangoni pake nikamwangalia amelala, nikaona haya, nikarudi zangu.

Halafu ipo Shōgun, ya mabwana wa vita wa Japani ya kale, ya mwaka 2024, vipindi kumi. Hiyo najua uliikimbia kwa sababu ya kusoma maandishi chini, maana sehemu kubwa wanaongea Kijapani. Shoga, Kiingereza chenyewe cha sinema tulikijua lini? Tumekua tukitazama Wahindi na Wachina, hatuelewi neno hata moja, tukajua nani amemsaliti nani na stelingi atamkamata saa ngapi. Na mimi naona hayo maandishi ndiyo yaliyoniokoa. Ukiinama tu kwenye simu umepotea, ukirudi watu wameshapatana kumwua mwingine kwa heshima zote, wameinamiana, chai imekwisha. Kwa hiyo huinami. Unakaa kama mtu, unatazama, na ghafla unaona uso wa Hiroyuki Sanada, mwigizaji mkuu, ukibadilika kidogo, unajua mtu kashakufa hapo. Wamarekani wenyewe waliipa Emmy 18 kwa msimu mmoja, na haikuwahi kutokea kabla. Wale wanaosema watazamaji hawapendi kusoma, sijui huwa wanamsema nani.

Kuna nyingine haina hata hayo maandishi, kwa sababu haina neno. Inaitwa Flow, katuni kutoka Latvia. Paka mmoja mweusi, maji yamejaa dunia nzima, anapanda mashua akiwa na mbwa, kima wa Madagaska, ndege mrefu wa miguu mirefu na kapibara, yule mnyama mzito anayefanana na panya aliyekata tamaa ya kuwa na haraka. Hawaongei. Paka analia kama paka, mbwa anabweka kama mbwa. Sauti ya kapibara ni ya kuazima, nasikia ya kapibara mwenyewe haikupendeza masikioni, wakaweka ya mtoto wa ngamia. Wameitengeneza kwa programu ya kompyuta ambayo mtu yeyote anaipakua bure, na mwaka 2025 ikawapokonya mabwana wakubwa Oscar ya katuni. Mwanangu aliitazama kimya dakika 85. Mwanangu! Yule paka anapoteleza majini mara ya kwanza alinishika mkono, halafu akajifanya hakunishika.

Miongoni mwa walioshindwa siku hiyo ilikuwa The Wild Robot, nayo usiiache, kwa sababu sauti ya lile roboti ni ya Lupita wetu. Anaanza akiongea kama mashine ya kupokea simu, kila neno limepigwa pasi, na kadiri anavyomlea yule kifaranga wa bata bukini sauti inalegea taratibu mpaka unasahau ilianzaje. Sura yake huioni hata mara moja. Nililia. Mume wangu alisema ni vumbi nami nikamwachia aamini hivyo.

Sasa uliniuliza kuhusu hizi ndefu. Oppenheimer, ya yule mtengeneza bomu la atomiki, saa tatu kamili. Niseme kweli, nusu nzima sikujua nani ni nani, wanaume wenye suti wanaingia, wanaume wenye suti wanatoka, mara picha ina rangi, mara haina. (Baadaye ndipo nikaelewa kwamba isiyo na rangi ni upande wa yule hasimu wake, Strauss, anayeigizwa na Robert Downey Jr.) Lakini lile bomu la majaribio linapolipuka, mwanga unakuja na sauti haiji. Unasikia watu wanapumua tu. Kimya kinavutwa, kinavutwa, mpaka ukadhani spika zimekufa, ndipo kishindo kinakuja. Ndivyo ilivyo kweli, mwanga hutangulia na sauti hufuata, kama radi. Kwa hilo peke yake nimewasamehe suti zote.

The Brutalist inaizidi, saa tatu na nusu na zaidi, lakini katikati wameweka mapumziko ya dakika 15, ndani ya filamu yenyewe, na saa inahesabu kurudi nyuma kwenye skrini. Nilipoona hivyo nilitaka kumwandikia mwongozaji barua ya shukrani. Kumbe wanajua mtu ana kibofu! Sehemu ya kwanza ni nzuri mno. Ya pili imejaa mambo hata ikafurika, na mwisho wake wananieleza kwa maneno yale ambayo nilikuwa nimeshayaona kwa macho. Hapo simu ikanirudia mkononi.

Tuje kwenye ugomvi wetu. Unaniita msaliti kwa kuwa niliacha njiani Stranger Things, ile ya watoto wanaopambana na mazimwi ya ulimwengu wa giza. Hebu tuhesabu. Ilianza 2016 na imemalizika siku ya mwisho ya mwaka 2025. Misimu mitano kwa miaka tisa na nusu! Yule mtoto aliyekuwa akitokwa damu puani, Millie Bobby Brown, alikuwa na miaka 12 ilipotoka, na mwisho wa hadithi alikuwa mke wa mtu huku kwenye skrini bado anaigiza msichana mdogo. Nami nimetoka mbali, shoga, tangu 2016 nimehama, nimezaa tena, nimebadilisha kazi mara mbili. Nitamkumbukaje nani alipotelea upande gani wa ule ulimwengu wa giza? Kila msimu ukianza natakiwa kukaa kwanza na kitini.

Severance ndiyo iliyoniuma zaidi, kwa sababu ile niliipenda. Watu wanaokata akili vipande viwili: ukiingia kwenye lifti ya kazini unasahau nyumbani, ukitoka unasahau kazi. Nani hajawahi kulitamani hilo siku ya Jumatatu? Msimu wa kwanza ukakatwa Aprili 2022 mahali ambapo nilisimama nikapiga kelele sebuleni. Wa pili ukaja Januari 2025. Karibu miaka mitatu! Nikakaa, nikawasha, na mimi mwenyewe nimekuwa kama wale wa kwenye lifti, sikumbuki hata jina. Najua 2023 kulikuwa na migomo huko Hollywood, waandishi tangu Mei mpaka Septemba, waigizaji tangu Julai mpaka Novemba, na haki yao siwanyimi. Lakini msinikatie hadithi ukingoni mwa shimo halafu mkaenda zenu. Ukitaka kuniweka miaka mitatu, nifungie mlango kwanza.

Squid Game, ile ya Wakorea ambayo anayeshindwa mchezo anauawa, nayo nasema hivi: msimu ule wa 2021 ulitosha. Misimu iliyofuata ilinionyesha michezo mipya na nikawa nahesabu waliobaki kama mtu anayehesabu abiria.

Na ile ya Wajapani, Perfect Days, nimeiweka kando, kwa sababu nakujua. Ni ya mzee anayesafisha vyoo vya umma Tokyo, anaamka, anakunja godoro, anamwagilia miche, anakwenda kazini, anarudi. Utaniambia hakuna kinachotokea. Ni kweli, hakuna kinachotokea, na sikuigusa simu hata mara moja. Tuiache, tusije tukagombana bure.

Kwa hiyo wewe, kwa roho yako ilivyo, anza na Sinners. Ya Ryan Coogler, imetoka Aprili 2025. Mississippi, mwaka 1932, mapacha wawili wanarudi kwao kutoka Chicago na fedha zisizoulizwa zilikotoka, wanafungua ukumbi wa muziki kwenye kiwanda cha mbao kilichokufa. Mapacha wote wawili ni Michael B. Jordan, na baada ya robo saa utakuwa umesahau kwamba ni mtu mmoja. Baadaye yanaingia mazimwi ya kunyonya damu, na hapo ndipo utakapofurahi wewe, mimi nilikuwa nimeshashiba. Mimi nilishiba katikati, pale kijana anayeitwa Sammie anapoanza kupiga gitaa na kuimba. Kamera inapita kati ya wachezaji bila haraka, na ghafla pembeni kuna mtu wa gitaa la umeme ambaye hajazaliwa bado, kuna mtu anazungusha sahani, kuna wapiga ngoma wa Afrika wa kale, kuna wacheza opera wa Kichina, mizimu ya mbele na ya nyuma wote wamo kwenye sakafu ile ile wanacheza, na paa linawaka moto. Hakuna anayesimama kukueleza wale ni nani. Unaelewa kwa mwili. Nilitazama kwa mara ya pili siku ile ile, kipande hicho tu, nimesimama, nguo za kukunja ziko kitandani palepale nilipoziacha.

Ukimaliza hiyo, nenda Adolescence, lakini siyo usiku na siyo peke yako. Mtazame na shemeji, maana najua mtabishana na nataka kusikia nani alikuwa upande gani. Usinijibu kabla hujafika kipindi cha tatu.

Severance msimu wa pili nimebakiza vipindi vinne. Kama wewe umemaliza, tafadhali, usiandike neno.

Wako asiyelala ovyo