Barua kwa maafisa ustawi wapya: kabla hamjamwambia mtu "haiwezekani"

Wanangu mnaoanza kazi ya ustawi wa jamii,

Shikamoo zenu zimenifika, marahaba. Miezi michache iliyopita niliitwa kuzungumza na wenzenu waliokuwa wanamaliza masomo, na kijana mmoja akaniuliza: "Mama, sisi tumekuja kusaidia watu. Sera tunakaririshwa za nini?" Nilimjibu harakaharaka kwamba zitamfaa kwenye usaili. Nilipofika nyumbani jibu lile likaninyima usingizi, maana halikuwa jibu. Nilipaswa kumsimulia habari ya bibi mmoja.

Ilikuwa mwaka 2004, nikiwa afisa ustawi katika hospitali moja ya wilaya. Bibi aliletwa na mjukuu wake, kijana wa darasa la sita, nyonga imevunjika. Dirisha la malipo wakataka pesa, hawana. Wakaletwa kwangu. Nikamuuliza bibi umri wake, akasema hajui mwaka aliozaliwa, ila "Uhuru ulinikuta na mtoto wa pili mgongoni." Nikamwomba cheti cha kuzaliwa, hana. Nikamwambia mjukuu arudi kijijini akalete barua ya mtendaji. Niliongea kwa upole kabisa, nikawapa na nauli kutoka mfukoni mwangu. Waliondoka wote wawili. Hawakurudi.

Uhuru ni 1961. Mwanamke aliyekuwa na mtoto wa pili mgongoni mwaka ule ni vigumu awe chini ya miaka 60 mwaka 2004, ukihesabu vizuri. Sera ya Taifa ya Wazee ilikuwa imetoka mwaka mmoja tu kabla, 2003, nayo inasema mzee ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na mzee asiyejiweza atibiwe bure. Kitabu chake kilikuwa kabatini mwangu, sijakifungua. Habari ya cheti cha kuzaliwa niliikuta ofisini kama mazoea, na baadaye nilipouliza imeandikwa wapi, hakuna aliyenionyesha. Huruma nilikuwa nayo tele, wanangu. Nilichokosa ni kujua kwamba yule bibi hakuja kuomba. Alikuja kuchukua kilicho chake.

Sasa nisikilizeni kuhusu msamaha wa matibabu, yaani mgonjwa kutibiwa bila kulipa, kwa sababu wengi wenu mtapangiwa hospitalini. Mimi nilianza kazi wakati matibabu ya serikali yalikuwa bure. Wagonjwa kuchangia gharama kulianza mwaka 1993, na papo hapo ikaonekana kuna watu ambao watafia mlangoni, ndipo misamaha ikawekwa. Kuna msamaha unaokwenda kwa kundi: mjamzito, mtoto wa chini ya miaka mitano, mgonjwa wa kifua kikuu. Hapo huhitaji kumhoji mtu ana ng'ombe wangapi. Na kuna msamaha wa asiye na uwezo, ambaye lazima mtu fulani aamue kwamba kweli hana. Huyo mtu ni wewe. Mzee amekaa katikati ya hayo mawili, kwa sababu ya neno moja dogo la kwenye sera: "wasiojiweza". Umri tu haumtoshi. Inabidi athibitishe na umaskini wake, mbele ya kijana wa umri wa mjukuu wake.

Na liko jambo ambalo darasani mtalisikia kwa juujuu. Msamaha unaandikwa, lakini pesa ya kuufidia haifuatani nao. Hospitali inanunua glavu na dawa kwa mapato yake ya papo kwa papo, kwa hiyo kila saini yako ya msamaha mganga mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali, anaiona kama boksi lililotoka stoo. Atakuita. Atakwambia umezidi kusamehe. Si mtu mbaya. Sera imemkabidhi mzigo bila kumpa mfuko wa kuubebea. Usipolielewa hilo utamchukia yeye, au mbaya zaidi, utaanza kuwachukia wagonjwa na kuwaona waongo. Nimewaona wenzangu wazuri wakigeuka hivyo.

Tazameni ng'ambo ya bahari, Zanzibar. Aprili 2016 walianza Pensheni Jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyefikisha miaka 70. Kiasi kile kilikuwa kidogo, nakubali. Lakini haulizwi kama ana mtoto Dar es Salaam anayemtumia hela, wala kama paa lake ni la bati. Ukishazeeka, unapewa. Mimi naupenda utaratibu huo kuliko wetu, na nasema hivyo baada ya miaka mingi ya kukaa kwenye kiti cha kuwachambua wazee.

Jifunzeni pia kutofautisha sera, sheria na waraka, yaani agizo la maandishi la wizara. Watoto wana Sheria ya Mtoto ya 2009, watu wenye ulemavu wana yao ya 2010. Hizo unaweza kuziweka mezani mbele ya hakimu. Wazee walikaa miaka mingi na sera tupu. Waraka nao usiudharau. Binti aliyepata ujauzito mwaka 2019 alifukuzwa shule, na afisa ustawi alichoweza kumfanyia kilikuwa kumtafutia cherehani. Tangu Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2021, binti wa aina hiyohiyo anarudi darasani baada ya kujifungua. Ukikutana na mwalimu mkuu anayemkatalia, hatakuelewa ukimlilia. Mpelekee waraka.

Yule bibi niliyemfukuza kwa upole sikumwona tena, lakini alinibadilisha. Nilinunua daftari la kurasa 200, nikaanza kuandika kila mtu aliyeondoka bila kutibiwa na sababu yake: hana cheti, hana barua, mtendaji hayupo, mtendaji amedai hela. Majina sikuyaandika, niliweka namba tu. Baada ya mwaka mmoja nililipeleka kwenye kikao cha timu ya afya ya halmashauri. Mganga mkuu wa wilaya alilifunua kimya, kisha akauliza kwa nini taarifa zetu zote za robo mwaka zilionyesha waliosamehewa tu. Hakuna aliyekuwa amewahesabu waliorudishwa. Wazee walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wale hawakuwepo kwenye karatasi, basi na kwenye bajeti hawakuwepo. Siku ile ilikubaliwa kwamba mzee asiye na cheti akadiriwe umri kwa matukio anayoyakumbuka, na kwamba barua ya mtendaji itafuata wakati mgonjwa yuko kitandani.

Mwaka wa fedha unaanza Julai, lakini makisio yake huandikwa miezi mingi kabla. Kwenye taarifa yenu ya robo hii ongezeni safu moja: walioondoka bila huduma, na kwa nini. Mkiulizwa nani amewaambia, semeni ni mimi, mstaafu, na namba yangu ya simu wenzenu niliozungumza nao wanayo. Bado nalitunza lile daftari. Ukurasa wake wa kwanza nimemwandika yeye, bila namba: bibi, nyonga, mtoto wa pili mgongoni.

Mama yenu,
Afisa ustawi wa jamii mstaafu