Kabla hujalipia kamera Kariakoo

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, hata pale kondakta wa daladala aliposikika kuliko wewe. Nimekuelewa. Milioni moja na laki mbili umeshazikusanya, Jumamosi unakwenda Kariakoo, na moyo wako umeangukia ile Canon 4000D mpya ndani ya boksi, pamoja na lenzi, begi, stendi na kadi. Muuzaji kakwambia ndiyo kamera ya kuanzia. Nimeona bora nikuandikie, maana kwenye simu hunisikilizi, unasema "sawa mama" kabla sijafika katikati.

Sikukatazi kununua. Nimekaa studio miaka mingi, najua hamu ya kamera ya kwanza ilivyo. Ninachotaka ni hela yako iende mahali ambapo picha inatengenezwa, isiende kwenye boksi.

Hiyo 4000D inapiga picha, sitakudanganya. Ilitoka 2018, ina megapikseli 18, na hizo zinatosha kabisa kuchapisha picha ya kutundika sebuleni. Lakini ili bei ishuke, waliotengeneza walipunguza vitu. Pete inayoshika lenzi ni ya plastiki badala ya chuma. Kile kigurudumu kidogo kilicho kando ya tundu la kuchungulia, cha kurekebisha kulingana na macho ya mtu, hakipo. Na wewe unavaa miwani. Ukivua miwani uchungulie, utaona ukungu, usijue kama fokasi imekosea au ni macho yako. Ile stendi ya bure nayo niijuavyo mimi, ukiifungua miguu yote inasimama yenyewe kwa shida, sembuse na kamera juu yake. Mteja anahesabu vitu vilivyomo kwenye boksi, haulizi lenzi ni ipi.

Na lenzi ndiyo hoja yangu. Kwenye hiyo ya boksini pameandikwa 18-55mm, yaani inavyovuta kutoka upana mpaka karibu, halafu f/3.5-5.6. Macho ya watu wengi huishia kwenye 18-55. Wewe soma zile za mwisho. Namba hiyo ikiwa ndogo, tundu la lenzi linafunguka zaidi na mwanga unaingia mwingi. Ukizumu mpaka 55, tundu halifunguki kupita 5.6. Lenzi ya 50mm yenye f/1.8, ambayo haizumu kabisa, inapitisha mwanga karibu mara kumi ya huo. Mchana ufukweni hutaona tofauti kubwa. Ingia ukumbi wa sendofu saa tatu usiku, mpambaji kaweka taa za zambarau, MC anasema bibi harusi anaingia sasa hivi, ndipo utakapojua. Ukiwa na lenzi ya boksi itabidi upandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, mpaka picha ijae chenga, au ushushe kasi ya shata, kile kipazia kinachofunguka na kufunga ukipiga, na kila anayecheza atoke na mikono minne.

Sasa sikiliza jambo ambalo muuzaji hawezi kulijua. Mjomba wako ana lenzi mbili za Nikon kabatini, 50mm f/1.8D na ile nzito ya 80-200mm f/2.8D aliyokuwa akipigia mechi za mpira uwanja wa Mkwakwani. Nimeongea naye, yuko tayari kukupa hiyo ndogo moja kwa moja, na kubwa kukuazima ukiwa na kazi. Lenzi ya pili, ukiinunua mwenyewe, inaweza kumeza akiba yako yote.

Lakini herufi hiyo D ina masharti yake. Lenzi za aina hiyo hazina mota ndani. Mota inayozungusha fokasi inatakiwa iwe kwenye kamera. Nikon ndogo za kuanzia, kuanzia D40 na D3000 mpaka D3500, hazina mota hiyo, na za kundi la D5000 pia hazina. Lenzi ya mjomba itafunga vizuri, picha itapiga, ila fokasi utazungusha kwa mkono kila mara, na mtoto anayekimbia hakusubiri. Kamera za kundi la D7000 zinayo. Ukitaka kuhakikisha, toa lenzi uangalie pete ya chuma ya kamera: sehemu ya chini utaona kichwa kidogo cha bisibisi kimechomoza. Kikiwepo, mota ipo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni Nikon D7100 ya mtumba, mwili peke yake, bila lenzi. Ilitoka 2013, ina megapikseli 24, na ina magurudumu mawili: kidole gumba kinabadilisha kasi ya shata, cha shahada kinabadilisha tundu la lenzi, jicho likiwa bado linachungulia. Kwenye kamera za kuanzia gurudumu ni moja, ukitaka la pili unashikilia kitufe huku unazungusha. Linaonekana jambo dogo dukani. Kazini ndilo linalokufanya uache kutumia alama ya kijani ya otomatiki, kwa sababu kubadilisha hakukuchoshi. Tena ina nafasi mbili za kadi, picha moja inaandikwa kote kuwili. Siku ukianza kulipwa kwa harusi utanishukuru, maana harusi hairudiwi kwa kuwa kadi imekataa kufunguka.

Rafiki yako wa chuo anasema DSLR, yaani hizi kamera zenye kioo ndani, zimepitwa, ununue zisizo nacho. Hajakosea. Canon na Nikon wote walitoa kamera zao za aina hiyo zenye sensa kubwa (sensa ni kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga) 2018, na tangu hapo lenzi mpya wanazitengenezea huko. Lakini kwa mtu mwenye milioni moja na ushee, kupitwa huko ndiyo neema: wenye hela wanauza DSLR zao wahamie, na bei za mtumba zimeshuka. Betri nayo fikiria. Kwenye DSLR unachungulia kupitia kioo na vioo vingine, hakuna skrini inayokula chaji muda wote, kwa hiyo betri moja nzuri inakupeleka siku nzima ya harusi. Na ukija kuhama, lenzi za Nikon zenye AF-S, ambazo mota iko ndani yake, zinafunga kwenye kamera zao mpya za Z zisizo na kioo kwa kutumia adapta na fokasi inafanya kazi. Za D za mjomba hapo ndipo zitagoma, lakini hizo hukuzinunua.

Usidhani nina ugomvi na Canon. Wenzako wengi wanatumia Canon, na ukiwa na ya kwao mtaazimana lenzi, hiyo ni faida ya kweli. Kama si lenzi za mjomba ningekwambia utafute 70D. Isipokuwa kuna hili: ukiwa ndani ya vyumba vyetu, 50mm kwenye kamera hizi zenye sensa ndogo inabana mno. Kwa Nikon unazidisha kwa 1.5, inakuwa sawa na 75mm kwenye sensa kubwa, na ukirudi nyuma upate watu watano kwenye kochi mgongo unagonga ukuta. Nikon wana 35mm f/1.8G ya bei nafuu kwa ajili ya sensa hizo. Canon hawakutengeneza ya 35mm yenye uwazi huo na bei hiyo kwa sensa zao ndogo. Hiyo 35 ndiyo iwe ununuzi wako wa pili, hela iliyobaki itatosha au itakaribia.

Haya, dukani. Nenda mchana, uwe na kadi yako, na laptopu kama unayo. Usikubali kuambiwa "imejaribiwa". Kwanza geuza kamera uangalie skrubu za chini. Zikiwa na mikwaruzo, imefunguliwa na fundi, uliza kwa nini. Fungua mlango wa betri: ukiona kijani au unga mweupe kwenye chuma, imekunywa maji ya chumvi. Hiyo iache, hata wakikupunguzia nusu bei. Betri yenyewe iwe ya Nikon, maana za kuiga hujaa haraka na kuisha haraka, nyingine hata kamera inazikataa.

Halafu mwombe muuzaji akuwekee lenzi yoyote. Weka f/16, elekeza kamera kwenye ukuta mweupe au angani, na vuruga fokasi makusudi. Piga, kisha kuza picha uitembeze kona kwa kona. Vidoa vyeusi vichache ni vumbi juu ya sensa, vinasafishika. Mistari au madoa yasiyohama hata baada ya kusafisha, hiyo ni kasoro ya sensa. Baada ya hapo funika lenzi kwa kifuniko chake, weka sekunde kumi, piga gizani. Vinukta viwili vitatu vya rangi visikutishe. Ukiona vimetapakaa, shukuru uondoke.

Lenzi za mtumba zina ugonjwa wake, na sisi watu wa pwani tunaujua: kuvu. Washa tochi ya simu, imulike kwa nyuma, uchungulie kwa mbele huku unaizungusha taratibu. Vumbi kidogo halina neno. Ukiona nyuzi nyeupe zilizosambaa kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, imeota kati ya vioo na huwezi kuifuta kwa kitambaa. Ukishapata zako, usizifungie kwenye begi kabatini. Tafuta ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, ndani yake weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu, ubadilishe mara kwa mara.

Na shata. Ni kitu kinachotembea, kwa hiyo kinachakaa. Ya D7100 imepimwa kiwandani kufikia picha 150,000. Inaweza kuishi zaidi au ikafa kabla, lakini namba hiyo ndiyo ya kuongelea bei. Nikon huandika hesabu hiyo ndani ya kila picha inayopiga. Piga moja, unitumie. Usitume kwenye WhatsApp kama picha, itabanwa na taarifa zote zitapotea. Itume kama dokumenti. Nitaifungua kwenye kompyuta hapa na kukwambia imepiga ngapi. Ndani yake kuna pia namba ya kamera. Ilinganishe na iliyo chini kwenye kitako, na iliyo kwenye risiti. Zikitofautiana, au muuzaji akianza kukasirika kwa kuulizwa, kamera hiyo ina mwenyewe anayeitafuta.

Ukishainunua, mwezi wa kwanza utaona simu yako inapiga picha nzuri kuliko kamera. Usishtuke. Simu inapiga mara nyingi kwa mpigo, inaunganisha, inang'arisha na kulainisha kabla hujaona. Kamera inakupa ulichoipa. Hapo ndipo kazi yenyewe inaanza, na jambo la kwanza la kujifunza ni kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa.

Kipimo cha mwanga ndani ya kamera kinajitahidi kuufanya ulimwengu uwe wa kijivu cha wastani. Bibi harusi akijaa kwenye picha na gauni lake jeupe, kamera inaona mwanga umezidi, inapunguza, na uso unazama kwenye giza huku gauni limekuwa la kijivu. Hapo jumlisha, hatua moja hivi, uangalie. Kinyume chake, bwana wa suti nyeusi mbele ya pazia jeusi: kamera inaona giza, inaongeza mwanga, na ngozi iliyokuwa iking'aa kwa mafuta inatoka imepauka. Hapo toa. Watu wetu wameharibiwa picha nyingi sana kwa sababu mpiga picha ameiachia kamera iamue rangi ya sura zao. Piga kwa RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaipika, Nikon huiita NEF, ili ukikosea kidogo uweze kurekebisha, ingawa kadi itajaa upesi.

Flashi ile ndogo ya juu iache ilale. Inapiga uso moja kwa moja, pua inang'aa na kivuli kinabaki ukutani. Baadaye utanunua ya kuweka juu, inayogeuka kichwa, uielekeze darini mwanga urudi umelainika. Dari liwe jeupe lakini. Ukiielekeza kwenye makuti mwanga haurudi, na ukiielekeza kwenye vitambaa vya zambarau vya mpambaji, kamati nzima inatoka zambarau. Ukipata nafasi ya kwenda Unguja, pita Capital Art Studio pale Mji Mkongwe, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930. Angalia picha za zamani za nyeusi na nyeupe, na usiulize zilipigwa na kamera gani. Tafuta mwanga umetokea upande upi wa uso.

Lenzi ya mjomba nitaifungasha kesho na kuikabidhi kwa basi la asubuhi, namba ya kondakta nitakutumia. Ukifika nayo dukani usiitoe begini mpaka mmekubaliana bei, wasije wakajua umeshakuja na yako. Jumamosi kuanzia saa nne simu nitakuwa nayo mkononi. Nitumie ile dokumenti kwanza, uniambie anataka ngapi, ndipo utoe hela.

Mama yako,
Tanga