Mgogo Aliyekufa Maji

Nkuhungu, Dodoma
8 Juni 2025

Shoga yangu Mwanahawa,

Mbukwenyi! Najua utaitikia kwa lafudhi yako ya Kilwa, ile iliyotuvunja mbavu chuoni. Huku tu wazima, ni vumbi tu na baridi ya alfajiri. "Dhumuni la barua hii" silitaji kwa sababu unalijua: ni yule babu, baba yake bibi. Sauti ya mzee wako uliyonirekodia nimeisikiliza mara nne, mara ya nne nikiwa na kalamu, na niliyoyapata humo hayaenei kwenye meseji.

Nikupe kwanza ya upande wetu, maana kwa simu nilikupa vipandevipande, tena mtandao ukikatika.

Baba yake bibi hakwenda pwani kwa kupenda. Vita ya Mjerumani na Mwingereza ilipofika Ugogo, vijana walikusanywa kubeba mizigo ya jeshi, na mwaka 1917 naye akajikuta Rufiji na mzigo kichwani. Watu hununua vitenge Kariakoo bila kujua kwamba jina lile limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Mwingereza. Mimi siku hizi nikipita pale namkumbuka yeye.

Aliporudi akaikuta Mtunya. Majeshi yalikuwa yamekwisha kula ng'ombe na akiba ya ghalani, wa kulima hawakuwepo, mvua nayo ikagoma. Kati ya 1918 na 1920 watu walikufa Ugogo mpaka njaa ile ikapewa jina lake yenyewe. Akaoa, akakaa misimu michache, bibi akazaliwa, halafu akarudi kule kule alikokuwa ameyaona maji mengi. Mimi simlaumu. Wenzake walikwenda kukata mkonge. Yeye akaenda kuwa baharia.

Bibi aliniambia baba yake alikuja mara ya mwisho kwa treni, amevaa kikoi, watoto wa Handali wakamcheka wakisema kavaa nguo ya mama yake. Lakini alichokikumbuka hasa ni sikio. Unajua wazee wetu walivyotoboa ndewe za masikio wakazitanua mpaka zikaning'inia. Bibi alikuwa akipakatwa anapitisha kidole kwenye tundu la sikio la baba yake, akikizungusha mpaka usingizi unamchukua. Akinisimulia, kile kidole cha shahada kilikuwa kinazunguka hewani chenyewe, naye ana miaka zaidi ya sabini.

Basi habari ikaja kwamba amekufa maji. Aliileta mtu wa kijiji cha pili aliyekuwa anatoka Dar es Salaam, uwele ukiwa umeanikwa, mwaka wa pili baada ya reli kufika Mwanza. Ukoo ukakataa. Mgogo gani anakufa maji? Huku mto ni mchanga sehemu kubwa ya mwaka, maji unayachimba kwa kata! Wakasema ameoa Mswahili, amewatuma watu waje kusema uongo. Mwili hakuna, kaburi hakuna, matanga hayakuwekwa. Mama yake bibi akabaki si mjane wala si mke, na bibi akakua akiitwa mtoto wa mtoro. Neno hilo ndilo linalonihangaisha, si kaburi.

Sasa makosa yangu. Kwa kuwa tulisikia siku zote kwamba aliishi Kilwa, nilikwenda Dar mara mbili, kwenye ofisi moja ya kumbukumbu, kutafuta chombo kilichozama Kilwa. Mara ya kwanza jalada nililoomba lilikuwa "limetoka", na hakuna aliyejua limetoka kwenda wapi. Mara ya pili nilipewa mengine, nikasoma siku mbili habari za kodi ya kichwa, pamba na ugomvi wa majumbe. Jahazi hata moja. Nilikuwa nimejipa moyo kwa sababu nilisoma kwamba ule mkataba wa Brussels wa 1890 wa kukomesha biashara ya watumwa ulimtaka nahodha abebe orodha ya mabaharia wake, jina kwa jina. Nikadhani desturi ile iliendelea, nitalikuta jina. Ndani ya basi, tukiwa tumepita Gairo, ndipo akili ikanijia: orodha aliyobeba nahodha huzama na nahodha.

Halafu ukanitumia mzee.

Niliposikia anasema chombo kilipotea "mwongo wa mia mbili na sabini" nilidhani amechanganya hesabu za fedha. Ukacheka sana ulipokuwa unanieleza, lakini mwenzio nilikaa nayo hesabu ile usiku kucha. Siku zinahesabiwa kumikumi, kila kumi mwongo mmoja, tangu Siku ya Mwaka wa mabaharia, sivyo? Siku hizi Makunduchi, kule Unguja, wanakoga Mwaka mwezi wa Julai. Lakini mwaka ule wa mabaharia hauongezewi siku kama Februari yetu, kwa hiyo kila miaka minne unarudi nyuma siku moja. Miaka tisini na tano iliyopita, yaani 1930, lazima Siku ya Mwaka iliangukia Agosti, katikati hivi. Hesabu siku mia mbili na sabini kutoka hapo: unaangukia Mei. Na bibi alisema uwele ulikuwa umeanikwa. Sisi uwele tunavuna Mei na Juni. Mzee wako anahesabu kwa pepo, bibi yangu alihesabu kwa nafaka, hawakupata kuonana, na wameangukia mwezi mmoja. Niliamka nikaenda kunywa maji.

Jambo la pili ni njia. Anasema chombo kilipakia boriti Salale, kwenye delta ya Rufiji, kikielekea Unguja, na kwamba baadaye boriti ziliokotwa Kisiju, watu wakajengea. Hapo ndipo nilipojiona mjinga. Kuishi Kilwa si kuzama Kilwa! Nimeuliza mwalimu wa jiografia hapa shuleni, naye akanichorea ubaoni: mkondo wa bahari yetu hukimbilia kaskazini mwaka mzima, na kusi ikianza kuvuma unazidi nguvu. Kitu kikizama Kilwa au Rufiji, mabaki yake yatapanda juu, kuelekea Kisiju na Mbwamaji. Kwa hiyo la boriti linaingia akilini, na majalada ya kutafutwa ni ya Rufiji, si ya Kilwa. Siku mbili zangu na nauli yangu ndiyo hiyo imekwenda.

(Unakumbuka tulipowapeleka wanafunzi Unguja, tukalala kile chumba chembamba kama korido, ukaniambia vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu boriti haziendi urefu zaidi ya pale? Nililala chali nikizihesabu. Laiti ningejua.)

La tatu ndilo la masikio, na hapa nataka tuwe waangalifu wote wawili. Mzee anasema baba yake, fundi wa vyombo, alikuwa akimsimulia juu ya baharia mmoja wa bara waliyemwita Juma Mgogo, aliyekuwa anachomeka sindano ya kushonea tanga kwenye tundu la sikio ili isipotee. Niliposikia hivyo nilisimamisha simu. Lakini Mwanahawa, wapagazi wa Kigogo walioshushwa Rufiji walikuwa maelfu, na kila mmoja alikuwa na masikio hayo hayo. Jina Juma nalo halinisaidii: kwetu aliitwa kwa Chigogo, na kama alisilimu huko hatukuambiwa. Peke yake, sindano ile ingekuwa hadithi nzuri tu. Ikikaa pamoja na mwezi Mei na Rufiji, naanza kuamini. Sijasema nimeamini.

Juzi nilikwenda Handali kwa mama. Ana miaka themanini na moja, masikio yanamsumbua, nikaiweka simu karibu kabisa. Alisikiliza yote, akaniomba nirudie pale mzee anaposema habari ilipofika Kilwa Kivinje waliswali sala ya ghaibu msikitini, wakamtaja kila mmoja wa wale mabaharia saba kwa jina. Akauliza sala hiyo ni ipi. Nikamweleza kama ulivyonieleza: kwamba husaliwa maiti ambaye hayupo mbele yao, na kwamba kwenu aliyekufa maji huhesabiwa shahidi. Mama ni mtu wa kanisani tangu alipozaliwa, nikadhani jina Juma litamkera. Akasema tu, "Kumbe walimtaja." Akaendelea kupepeta karanga zake.

Anataka sasa tuite ukoo baada ya mavuno, lile neno mtoro lifutwe mbele ya watu. Mjomba wangu mkubwa anadai ushahidi hautoshi, na kusema kweli ana haki ya kudai. Kwa hiyo nakuomba umrudie mzee, taratibu, siku akiwa ameamka vizuri. Usimtajie Dodoma wala Handali. Mwache aseme mwenyewe Mgogo yule alikuwa akisema kwao ni wapi. Muulize kama baba yake aliwahi kumtaja mke au mtoto wa baharia huyo, huko Kivinje au bara. Kama kuna mke huko na ndugu zetu wapo, tuambie tu, hatutavunjika moyo.

Na kuna swali la mama, ambalo aliniita nirudi kutoka barabarani kuja kunipa, nikiwa tayari nimepanda bodaboda. Anauliza kama alikuwa anajua kuogelea.

Nimempa dereva wa basi la kusini kifurushi chako: karanga za mama, ubuyu, na zabibu kidogo ambazo sijui zitafika katika hali gani. Kamfuate stendi mapema, usimwache akae nazo juani.

Wako,
Neema